Sinia la matunda na jibini: halipikwi, lakini lina gharama zake

Nyie mnaouza vitu vya kula kupitia WhatsApp na Instagram, hii ni yenu.

Kuna biashara inakua taratibu hapa mjini Arusha: masinia ya matunda na jibini kwa ajili ya sherehe ndogo. Kitchen party, bethdei, kikao cha ofisini, wageni wa kipaimara wanaosubiri chakula. Sinia linakaa mezani, watu wanachukua kidogo kidogo huku wanapiga stori. Wengi wanaipenda hii biashara kwa sababu haihitaji jiko, gesi wala mkaa. Unanunua, unaosha, unakata, unapanga, unapeleka.

Mimi nina duka dogo Sakina, barabara hii ya Namanga. Niliishia kidato cha nne na chuo cha mapishi sijakiona. Nilichonacho ni mizani, daftari na masinia mengi niliyokwisha kuyatoa. Nataka nikuambie kitu kimoja leo, na mengine yote hapa chini yanaelezea hicho tu: kwenye sinia lisilopikwa, unachouza ni muda na baridi. Ukishindwa kusimamia baridi, unaweza kuumwisha watu. Ukishindwa kuhesabu muda wako, unafanya kazi bure. Kwa hiyo tuanze na chakula chenyewe, halafu tuje kwenye hela.

1. KIASI GANI KINATOSHA

Kama sinia ni la kitafunwa kabla ya chakula, mimi natumia kipimo hiki kwa mtu mmoja: jibini gramu 40, matunda yaliyokwisha kumenywa gramu 200, na kitu kikavu kidogo kama korosho, karanga au biskuti za chumvi. Watu 10 ni jibini gramu 400 na matunda kilo 2.

Angalia hilo neno "yaliyokwisha kumenywa". Nanasi ukitoa maganda, kichwa na kiini, karibu nusu ya uzito inaenda kwenye ndoo ya taka. Embe linapoteza kama theluthi kwa ganda na kokwa. Zabibu karibu yote inaliwa. Ndiyo maana zabibu inayoonekana ghali sokoni, ukiipigia hesabu ya kinachofika mdomoni, wakati mwingine haijazidi sana. Pima mwenyewe mara moja, andika kwenye daftari, hutakuja kubahatisha tena.

2. JIBINI

Wengine tunaita chizi, ni kitu kilekile. Kwa sinia la kupeleka kwa mteja chagua jibini ngumu kama Gouda au cheddar. Inakatika vizuri, haitoi maji, inavumilia safari. Jibini laini na mbichi ina maji mengi, inaharibika haraka na inalowanisha biskuti.

Huna haja ya kutafuta ya Ulaya. Nchini kwetu inatengenezwa. Mteja akishangaa bei, mwelezee hivi: kilo moja ya jibini ngumu inakula kama lita 10 za maziwa. Akipiga hesabu ya lita 10 kwa bei anayonunua yeye mtaani, ataelewa mwenyewe.

Jambo la lazima: nunua jibini iliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kiwandani, yenye lebo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kuna bakteria anaitwa listeria, anaishi na kuongezeka hata ndani ya friji. Kwa mtu mzima mwenye afya anaweza asilete shida kubwa, ila kwa mjamzito anaweza kuharibu mimba. Na wewe unapeleka sinia kwenye sherehe ambayo huenda mama mtarajiwa ndiye mgeni wa heshima. Kwa hiyo jibini ya maziwa mabichi isiingie kwenye sinia lako hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

3. MATUNDA

Soko la Tengeru linachangamka Jumatano na Jumamosi. Kutoka Sakina ni barabara moja ya njia nne mpaka huko, kilomita 14 hivi. Kama una oda ya Jumapili, Jumamosi ya Tengeru inakutosha. Siku nyingine kuna Kilombero na Soko Kuu.

Fuata msimu. Kuanzia mwisho wa mwaka embe linakuwa jingi na bei inashuka. Katikati ya mwaka machungwa ya Muheza yanajaa. Tofaa nyingi unazoziona zinatoka Afrika Kusini, kwa hiyo bei yake haifuati msimu wetu. Usiahidi tunda moja moja kwenye tangazo lako. Andika "matunda aina 4 au 5 ya msimu". Ukiandika zabibu nyekundu na siku hiyo sokoni hakuna, umejifunga mwenyewe.

Nunua yaliyoiva lakini bado magumu kidogo. Embe laini kabisa ni tamu, ila ukilikata linakuwa uji.

4. KUOSHA NI KABLA YA KUMENYA

Hapa wengi wanasema, "Si namenya ganda? Niloshee nini?" Kisu kinapopita kwenye ganda chafu kinabeba uchafu na kuuingiza ndani ya nyama ya tunda. Mwaka 2011 nchini Marekani matikiti ya aina ya cantaloupe kutoka shamba moja yalibeba listeria. Watu 147 waliugua na 33 walifariki. Ni tunda ambalo hakuna anayekula ganda lake.

Kwa hiyo: osha nanasi, tikiti, papai, embe, vyote, kwa maji safi yanayotiririka na brashi, kabla kisu hakijagusa. Sabuni usiweke, tunda linaweza kuinyonya. Halafu kausha kwa kitambaa safi. Zabibu na tofaa nazo zikauke kabisa, maana maji yakibaki ndiyo yanayolowanisha jibini na biskuti. Ubao wa kukatia nyama usikatie matunda hata kama umeusugua. Nunua mwingine, uwe wa matunda tu.

5. VITU VISIVYOGUSANA

Nanasi bichi na papai vina vimeng'enya vinavyovunja protini. Ndivyo hivyo vinavyolainisha nyama ukiiweka na papai. Jibini ni protini. Ukilaza nanasi juu ya jibini, baada ya muda pale palipogusana panalainika na kuwa pachungu. Mteja atasema jibini imeharibika, kumbe ni jirani yake. Weka nanasi kwenye kibakuli chake ndani ya sinia, au tenganisha kwa tofaa au zabibu.

Tofaa, ndizi na parachichi vinabadilika kuwa kahawia vikikutana na hewa. Vipande vya tofaa vichovye kwenye maji yenye ndimu au limao, kisha uvikaushe. Ndizi mimi siweki kabisa. Hata na ndimu, haichukui muda inachoka.

Biskuti za chumvi zifungwe pembeni, zitoke wakati wa kula. Korosho na karanga ziwe kwenye kikopo chake, kwa sababu zinanyonya maji na pia kuna watu karanga zinawadhuru. Uliza kabla: "Kuna mgeni asiyekula karanga?" Swali dogo, ila mteja anaona unajua kazi yako.

Na kama watoto watakuwepo: zabibu za watoto chini ya miaka 5 kata vipande vinne kwa urefu, zabibu nzima inaweza kumkaba. Asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa sumu ya bakteria. Mimi naandika kikaratasi kidogo na kukibandika kwenye kikopo cha asali.

6. SAA MBILI ZAKO

Chakula cha moto kimepita kwenye moto, vijidudu vingi vimekufa. Sinia letu halipiti kwenye moto wowote. Kinachotulinda ni usafi na baridi tu. Kanuni inayotumika duniani: chakula kinachoharibika kikae chini ya nyuzi joto 5, na kisikae nje ya baridi zaidi ya saa 2. Jua likiwa kali, zaidi ya nyuzi 32, ni saa 1 tu. Arusha kuna ubaridi, Julai tunavaa makoti, lakini hema la sherehe mchana wa Februari ni habari nyingine.

Hizo saa 2 zinaanza kuhesabiwa pale chakula kinapotoka kwenye baridi, sio pale wageni wanapokaa. Ukikata matunda saa nzima mezani, ukasafiri dakika 40 bila barafu, umebakisha dakika 20. Kwa hiyo fanya hivi:

Kata tunda moja, rudisha kwenye friji, ndipo ushike jingine.

Jibini ikatwe ikiwa ya baridi, inakatika vizuri na haivunjiki.

Panga sinia mwishoni, ukikaribia kutoka. Anza na vibakuli, fuata jibini, kisha matunda makubwa, halafu zabibu zijaze mapengo.

Safirisha ndani ya deli lenye barafu. Barafu ifungwe vizuri isimwage maji. Deli linasimamisha saa yako. Bila deli, saa inakimbia barabarani.

Ukikabidhi, mwambie mteja kwa maneno na umwandikie kwenye simu: "Mama, hili liliwe kabla ya saa 12 jioni. Litakalobaki kwenye friji lirudi mapema."

Jibini inanoga zaidi ikikaa nje ya baridi kama nusu saa. Sawa, ila hiyo nusu saa ni sehemu ya saa 2, sio nyongeza.

Umeme ukikatika usifungue friji. Likiwa limefungwa linatunza baridi kama saa 4. Yakizidi hapo na vitu vimeshapata joto, jibini iliyokatwa na matunda yaliyomenywa usivipeleke kwa mteja. Inauma, lakini ndiyo maana kwenye hesabu tunaweka fungu la kuharibika. Twende huko.

7. HESABU

Bei nitakazotumia ni za mfano, wewe weka za sokoni kwako siku hiyo. Sinia la watu 10:

Jibini gramu 400 (kilo 30,000): 12,000
Nanasi 1: 3,000
Embe 2: 2,000
Zabibu nusu kilo: 5,000
Tofaa 3: 3,000
Pasheni: 2,000
Korosho gramu 100: 3,500
Karanga: 1,000
Biskuti za chumvi: 3,000
Asali kikopo kidogo: 2,000
Tango, karoti na mnanaa wa kupambia: 3,000
Limao: 500
Jumla ya vyakula: 40,000

Muuzaji wengi wao anaishia hapa. Anaona ametoa 40,000, anauza 55,000, anasema nimepata 15,000 bila hata kuwasha jiko. Tuendelee.

Trei na kifuniko: 4,000
Nauli ya sokoni: 2,000
Bando na makato ya simu: 1,500
Barafu: 1,000
Tishu, vijiti na glavu: 1,000
Umeme na maji: 500
Jumla: 10,000

Sasa umetumia 50,000. Ile 15,000 imeshakuwa 5,000. Na hiyo 5,000 ndiyo malipo yako ya sokoni saa moja na nusu, kuosha na kukata saa moja na nusu, kupanga na kufanya usafi saa moja. Saa 4 kwa 5,000 ni 1,250 kwa saa. Embe moja likiwa bovu ndani, zabibu zikasagika kwenye daladala, unaanza kutoa mfukoni.

Hesabu inayosimama ni hii:

Vyakula na matumizi: 50,000
Kazi yako, saa 4 kwa 3,000: 12,000
Fungu la kuharibika, asilimia 10 ya vyakula: 4,000
Faida ya biashara: 14,000
Bei: 80,000

Ni 8,000 kwa kila mgeni, na usafiri wa kupeleka analipa mteja pembeni. Kazi na faida ni vitu viwili tofauti. Ile 12,000 ni mshahara wako, kula, lipa kodi ya chumba. Ile 14,000 ndiyo inayokuza biashara: deli kubwa, friji ya pili, mizani nzuri. Ukichanganya, utakula mtaji huku unadhani unakula faida.

Kuna ujumbe utaupata sana: "Mdogo wangu, hujapika kitu, mbona bei kubwa hivyo?" Usikasirike wala usiombe radhi. Mteja anaona matunda, haoni saa zako. Jibu kwa heshima na kwa namba: "Dada, ni jibini gramu 400 na matunda kilo 2 yaliyomenywa, vimekaa kwenye baridi mpaka mlangoni kwako, watu 10 wanatosheka. Kama bajeti ni 60,000, naweza kukutengenezea la watu 7." Umeona? Tumepunguza sinia, hatukupunguza bei ya jasho. Na usije ukapunguza barafu au kununua jibini isiyo na lebo ili ufikie bei ya mteja. Hapo utakuwa umepunguza usalama wake, na yeye hajui.

8. ODA, PICHA NA SAFARI

Chukua advansi inayofunika vyakula vyote. Kwa mfano wetu ni 40,000, yaani nusu ya bei, iingie kwa lipa namba siku 2 kabla. Jibini iliyokatwa na nanasi lililomenywa haviwezi kurudi rafu kusubiri mteja mwingine kama nguo au sabuni. Akighairi siku hiyohiyo, hasara isikae kwako peke yako. Liandike hilo mapema kwenye tangazo, sio mkishagombana.

Picha iwe ya sinia ulilolitengeneza wewe. Ukichukua picha ya Pinterest yenye matunda ambayo Kilombero hayapo, mteja atalinganisha na ulichomletea. Piga karibu na dirisha, mchana, bila flashi. Chini ya picha andika uzito na idadi ya watu. "Sinia kubwa" haimaanishi kitu, "gramu 400 za jibini, watu 10" inamaanisha.

Sinia lisafiri likiwa limelala. Bodaboda kwa sinia kubwa sikushauri, chukua bajaji na deli likae sakafuni. Kukitokea foleni pale barabara ya Namanga barafu ndiyo itakuokoa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo tumia boksi au kikapu. Kama unatumia sinia zuri la mbao, chukua dhamana yake, anaporudisha unamrudishia.

Na usiogope upande wa sheria. Anza na afisa afya wa kata yako, akuelekeze kuhusu kupima afya na mahali unapoandalia. Mambo ya usalama wa chakula tangu 2019 yako chini ya TBS. SIDO nao wanafundisha usindikaji na ufungashaji. Ofisi zinazotaka masinia ya vikao zinauliza karatasi, na oda za ofisi ndizo zinazorudi kila mwezi.

UKITAKA KUANZA WIKI HII

Usianze na oda ya watu 50. Tengeneza sinia dogo la watu 4 nyumbani. Pima kila tunda kabla na baada ya kumenya. Weka saa kwenye simu, andika umetumia dakika ngapi kila hatua. Liache nje saa 2 uone kipi kinalegea, kipi kinabadilika rangi. Halafu wape watu wa nyumbani wale. Utakuwa umetumia hela kidogo na umepata vitu viwili ambavyo hakuna wa kukuuzia: uzito halisi wa matunda yako na muda halisi wa mikono yako. Bei yako ipange kutoka hapo, sio kutoka kwenye bei ya jirani.

Kazi njema, na oda ziwe nyingi.